Kibonde Juu ya Sikio la Kushoto

Kaka yangu aliiba asali ya chifu. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nataka kumtetea. Aliiba, aliiba mchana, na aliiba vibaya, maana alirudi nyumbani uso umevimba hata macho hayaonekani, akatuambia ni jino. Jino gani hilo linalovimbisha masikio yote mawili? Chifu alipopita na askari kuulizia mizinga yake mitatu iliyokombwa, hakuhitaji upelelezi. Alimtazama kaka, kaka naye akajaribu kumtazama kupitia kitundu kilichobaki, na kesi ikawa imekwisha.

Kwetu karibu na Garsen, miaka hiyo ya hamsini, mtu akiiba mbuzi watu walikasirika. Akiiba asali waliogopa. Mzinga hutundikwa mtini, mbali na nyumba, hauna mlinzi wala mlango. Kila ukoo una alama yake, imechongwa ubavuni kwa shoka: mikato miwili, msalaba, mguu wa ndege. Ukiona alama si yako, unapita. Sheria yote ni hiyo, na ilitutosha kuliko makaratasi ya serikali. Kwa hiyo kaka alipokamatwa majirani hawakusema, "Ameiba." Walisema, "Hata asali?" Kisha wakaenda zao.

Mama alikuwa na jibu tayari. "Ni damu ya baba yenu."

Baba alikuwa amekwisha kufa kwa homa, hawezi kujibu, jambo lililomfaa mama sana. Ushahidi wenyewe ulikuwa kuku. Kabla hawajaoana, baba aliwahi kukutwa na kuku wa jirani ndani ya shuka lake. Kuku mmoja! Juu ya kuku huyo mama alijenga elimu nzima. Nikivunja mtungi, damu ya baba. Kaka akilala hadi jua limepanda, damu ya baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka, alisema, na akasahau kwamba sisi nyoka tumetoka tumboni mwake.

Nyanya, mama yake baba, aliishi nasi na aliyasikia yote. "Hiyo damu," alimwambia mama siku moja huku akichambua mchele, "ilipokuwa ikikupa watoto haikuwa na harufu?"

Nyanya alikuwa mkunga. Upande wetu wa mto, karibu kila mtu mwenye umri wa chini ya miaka arobaini alipitia mikononi mwake. Na kazi haikuisha kwa kukata kitovu. Kila asubuhi, siku arobaini, alikaa chini akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja uso ukimtazama, akapasha viganja moto kwenye chungu, akakikanda kichwa. Kwetu mtoto haachiwi kichwa alichokuja nacho. Kinakandwa, kinasukwa, paji linasawazishwa, kisogo kinaviringwa. Kichwa kibaya ni aibu ya mkunga, si ya Mungu. Chifu alikaa upande wetu, lakini yeye na watu wake walizaliwa ng'ambo ya mto, na huko walikuwa na mkunga wao, ambaye nyanya alimwita "yule mfinyanzi wa vyungu vya kuvuja."

Basi kaka akafungiwa katika kibanda cha chifu kumngojea Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliyekuwa hajafika kwa sababu mto ulikuwa umefura na barabara haipitiki. Kabla ya Disii akatufikia daktari.

Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye masanduku manne na mkalimani mmoja kutoka Mombasa. Ndani ya sanduku moja mlikuwa na koleo refu la chuma lenye miguu iliyopinda, la kubania kichwa cha mtu toka paji hadi kisogo. Alibana, akaita namba, na mkalimani akaandika. Hakueleza sababu, na mtu asipoeleza sababu watu watajitafutia yao. Ikasemekana pale kivukoni kwamba serikali inashona kofia za askari. Loo! Wanaume waliosha vichwa wakavipaka mafuta. Mmoja alipimwa, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi kupimwa tena ili apate mbili.

Kumbe daktari alikuwa akitafuta wizi. Alimwambia chifu amletee wezi kumi na watu wema kumi, alinganishe. Ukimpa chifu kazi ya namna hiyo umempa fisi bucha. Wezi wake wakawa mtu aliyemnyima mtumbwi, mwingine aliyemcheka barazani, mwingine aliyemshinda kesi ya shamba, na kadhalika hadi tisa, wote wa upande wetu. Wa kumi ndiye kaka, mwizi pekee wa kweli katika orodha nzima. Watu wema walikuwa shemeji zake na wapwa zake kutoka ng'ambo. Miongoni mwao kulikuwa na shemeji mmoja ambaye mbuzi wake walizaa mara tatu kwa mwezi, na watoto walizaliwa wakiwa wakubwa tayari, wenye alama za watu wengine masikioni.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mdomo mrefu, na kila adhuhuri nilimpelekea kaka wali na samaki. Tuliongea kupitia nyufa za kibanda. Uvimbe ulikuwa umepungua, sura yake imerudi, na alikuwa na aibu hata hakuweza kuniuliza habari za nyumbani. Nilimtukana kwanza, kisha nikampa chakula. Huo ndio uliokuwa mpango wetu wa kila siku.

Siku ya nne mkalimani alinikuta hapo. Alikuwa mtu wa suruali ndefu na maneno marefu zaidi.

"Dada, furahini," alisema. "Kaka yako hatafungwa."

"Kwa nini?"

"Hana kosa. Daktari amegundua. Wezi wote kumi wana kibonde hapa, juu ya sikio la kushoto. Watu wema hawana hata mmoja. Kibonde hicho kinabana ubongo pale panapokaa breki. Mtu anazaliwa nacho, amepewa na baba yake, na baba yake alipewa na babu yake. Akiona mali ya mtu hawezi kusimama. Kama lori."

"Sasa?"

"Sasa daktari amemwandikia Disii amwachie yeye. Atampeleka Nairobi, hospitali ya vichwa. Watafungua, watakata kidogo." Akaonyesha kwa vidole viwili, kama mtu anayekata sabuni.

"Atarudi lini?"

"Wengine hurudi."

"Wakiwaje?"

"Watulivu," alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. "Watulivu sana. Namjua mmoja. Ukimwambia kaa, anakaa. Mvua ikinyesha, anakaa tu, mpaka uje umwambie inuka."

Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa ameacha kula. Kupitia ufa niliona jicho lake moja, na lile jicho lilikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuiona hata siku kiboko alipopindua mtumbwi wetu.

Nilirudi nyumbani mbio, na njiani mkono wangu ukapanda kichwani wenyewe. Nikapapasa chini ya misuko, juu ya sikio la kushoto. Kipo! Kibonde cha kutosha kulaza punje ya korosho. Nilisimama palepale katikati ya njia. Na niseme ukweli, kwa muda mfupi niliamini. Nilikumbuka sukari niliyoilamba nikiwa mdogo, nikakumbuka ushanga wa binamu yangu ambao "niliuokota" ungali shingoni mwake amelala. Nikasema, basi, mimi pia breki sina.

Nyumbani nilimkuta mama amekwisha kuzipata habari, na anang'aa. "Nilisema! Miaka yote nilisema! Hata Mzungu na vyuma vyake amekuja kuona nilichokiona mimi kwa macho matupu. Ni damu."

Nyanya alikuwa mlangoni. Nikampigia magoti, nikainamisha kichwa. "Nyanya, hata mimi ninacho. Gusa hapa."

Akagusa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu: alikunjua mkono wake wa kulia wote. Siku zote kidole gumba chake alikificha ndani ya kiganja au kwenye pindo la leso, nasi tulidhani ni mazoea tu. Kilikuwa kimekauka, kigumu, hakikunjiki, tangu alipochomwa na mwiba wa kambare akiwa bado mke mchanga. Akakilaza juu ya sikio langu la kushoto. Kikaenea sawasawa.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani nywele zimenifichia."

Nilicheka. Nisamehewe, nilicheka hadi nikakaa chini. Wezi kumi wa daktari walikuwa watoto kumi wa mikono ya nyanya! Lakini yeye hakucheka. Alilia, mwanamke yule niliyemwona akizika mume na mwana bila kuinamisha shingo. Alilia kwa sababu ya kidole. Sifa yake yote ilikuwa katika mikono hiyo. Yule mkunga wa ng'ambo angesikia, akina mama wangesikia, na kila mtu angeanza kujipapasa.

"Mto umepungua, kesho Disii anakuja," alisema akajifuta. "Nitaenda nikaseme."

Mama akaruka. "Usiende, mama! Ukisema ni kidole, mwanangu atakuwa mwizi. Atafungwa. Mwache daktari aseme ni damu. Mgonjwa hana kosa. Atatibiwa, basi."

"Watamkata kichwa," nilisema. "Wanarudi watulivu, mama. Hawainuki mvua ikinyesha."

"Mtulivu si bora kuliko mfungwa?"

"Mfungwa hurudi na kichwa chake," nyanya akamjibu.

Asubuhi Disii akafika, kijana mwekundu mwenye homa, anatetemeka ndani ya koti. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, safi hadi kilitutisha. Watu walijaa uwanjani kwa chifu; kofia zilikuwa bado zinangojewa. Kaka akatolewa, akasimamishwa. Daktari alieleza habari zake kwa muda mrefu, mkalimani akazitia maji: ubongo, breki, baba, babu, kibonde. Akamwinamisha kaka kichwa, akaonyesha mahali kwa ncha ya kalamu. Alimgusa bila kumtazama usoni.

Nyanya akainuka. "Bwana Disii, nina neno."

"Sema, mama mzee."

Hakusema. Alitembea moja kwa moja hadi kwa sajini wa askari, jitu zima lenye masharubu, akamvua kofia. "Inama," akamwambia. Na sajini, aliyekuwa akiogopwa toka Tarasaa hadi Hola, akainama, maana mtu aliyekukata kitovu humkatalii. Nyanya akamtia kidole juu ya sikio. "Kibonde hicho hapo. Daktari aje." Akaenda kwa mwalimu wa kanisa, aliyekuwa mstari wa mbele na Biblia yake. "Hicho hapo kingine." Akaniita mimi. Akawaita mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, na kila aliyeitwa alikuwa akijipapasa kabla hajafika. Uwanja mzima ulikuwa na mikono vichwani.

Kisha akakiinua kile kidole gumba juu, watu wote wakione.

"Ni mimi," alisema. "Hawakuzaliwa nacho. Hawakupewa na baba zao. Niliwakanda na kidole kibovu, sikumwambia mtu, kwa kuwa nilipenda kuitwa fundi. Chifu hana kibonde, alikandwa ng'ambo. Shemeji yake pia hana. Na mbuzi wetu wako kwake."

Hapo watu walipasuka kwa kicheko. Shemeji akakumbuka ana shughuli kwingine.

Daktari alisikiliza tafsiri, akafikiri. Ningempenda kama angecheka kidogo tu. Badala yake akaandika, halafu akasema jambo ambalo mkalimani alisita kulitafsiri. "Anasema... anasema basi kisa ni kilekile. Kama si baba, ni kidole. Ubongo umebanwa. Huyu bibi ndiye aliyewafanya wezi."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Mtu umemvunjia nyumba, yeye anakaa juu ya kifusi na kukukaribisha ndani. Nyanya alikirudisha kile kidole ndani ya kiganja. Alikuja kutoa aibu moja, akabebeshwa nyingine, eti amewaharibu watoto wote wa mto. Nilitaka kumrukia yule bwana na koleo lake. Nilikuwa na hasira ambayo hadi leo, nikiikumbuka, nasimama jikoni nikisema peke yangu.

Aliyetuokoa ni homa ya Disii, nadhani; mtu anayeumwa hana subira. "Daktari," alisema kwa Kiswahili, makusudi, tusikie, "sajini huyu ana kibonde, na kwa miaka miwili ndiye ashikaye funguo zangu zote. Hajapoteza hata sindano." Sajini akavaa kofia yake na heshima yake. Kisha Disii akamgeukia kaka, na akamuuliza swali ambalo tangu siku ile ya jino hakuna aliyekuwa amemuuliza; si chifu, si daktari, si mama, wala mimi niliyempelekea wali kila siku na matusi juu yake.

"Kwa nini uliiba?"

Kaka alilamba midomo. "Nilitaka kuoa. Baba wa msichana alitaka mtungi wa asali, ndiyo desturi. Mizinga yangu yote ilichukuliwa na mafuriko. Na msichana kulikuwa na mwingine anayemtaka."

"Na ulipoiona mizinga ya chifu hukuweza kujizuia?"

Nilimwona daktari akiinua kalamu. Nikamwona mama akitikisa kichwa kwa nguvu, anamwambia kwa macho: sema hukuweza, mwanangu, sema hukuweza. Neno moja tu lingempeleka Nairobi bila kosa.

"Niliweza," kaka akasema. "Nilikaa chini ya ule mti toka asubuhi hadi jua likawa la utosi. Alama niliiona. Nikaondoka, nikafika hadi mtoni. Nikarudi. Hakuna aliyenisukuma, bwana. Nilijua ni vibaya, nikapanda."

Daktari akaanza kusema kitu. Kaka akamkatiza, kaka yangu yule asiyeweza kumjibu hata mwenye deni lake. "Mwambieni aache kichwa changu! Nimeiba kwa mikono hii. Kama ni kufunga, nifungeni. Kichwa changu hakina kesi."

Disii akampa miezi sita katika jela ya Lamu, na akirudi achonge mizinga mitatu mipya, aikate alama ya chifu kwa shoka lake mwenyewe, aitundike. Na sisi, Mungu atusamehe, tukapiga vigelegele. Uwanja mzima! Nyanya ndiye aliyeanza. Maskini Disii alimuuliza sajini kama tumeelewa hukumu. Tulielewa. Miezi sita, na kichwa chake juu ya shingo yake.

Mama peke yake hakupiga. Walipomwongoza kaka kwenye lori alimfuata akilia, amemshika mkono, anawaambia askari, anamwambia dereva, anamwambia kila aliyepita, "Huyu si mwizi, ni damu tu, ni damu ya baba yake, yeye hana kosa."

Kaka akasimama. Akamtazama kwa upole kabisa.

"Mama," alisema, "baba aliiba kuku wake. Hii asali ni yangu. Niachie hata hilo."

Mama akamkazia macho. Ilionekana ndiyo kwanza anaonana na mtu huyu ambaye alimzaa. Akachukua pindo la leso yake, akampangusa vumbi usoni, akamshika ukosi wa shati kama anayetaka kumtikisa.

"Mwizi mkubwa wewe," alimwambia. "Kwa nini hukuniambia unataka kuoa?"